Ngata ya Mukabera

Kila siku ya soko Mukabera alichukua ngata yake ya majani ya migomba kutoka msumarini. Aliiweka kichwani, na juu yake gunia la unga wa muhogo. Kisha akapanda kilima mpaka soko la Kamembe. Vita vya Kongo viliwarudisha kwao kutoka Bukavu mikono mitupu, yeye na mumewe Harelimana, fundi wa kuchomelea vyuma. Gunia hilo ndilo lililowalisha watoto.

Asubuhi moja mgongo ulimkaza, akashindwa kuinuka. Vénuste, jirani yao, alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo katika zahanati. Alimtibu wiki kadhaa. Kisha akamwita kwenye klabu yake ya mazoezi, aanze kunyanyua vyuma vyepesi ili mgongo upate nguvu.

"Vyuma ni vya banaume!" Harelimana akafoka. "Utaota ndevu! Tumbo ya uzazi itashuka! Na banaume ba kule bataangalia nini?"

Lakini ndevu hazikumsumbua Harelimana. Aliyemsumbua ni Vénuste. Huyo Vénuste alikuwa na mabega mapana na meno yote. Mukabera alimtaja asubuhi kwenye uji, akamtaja jioni kwenye maharage. Wivu ulimkaa Harelimana kama mwiba wa samaki kooni.

Jumapili moja akatazama msumari. Ngata haipo. Leo si siku ya soko! Mwanamke anaenda wapi na ngata? Alitoka mbio, akiapa: nikimkuta na Vénuste, leo hii anarudi kwa mama yake kule Gitambi.

Alimkuta klabuni. Mukabera alikuwa amechuchumaa na chuma mabegani. Ngata alikuwa ameifungua na kuizungusha kwenye chuma kisimchubue. Nyuma yake alisimama Vénuste, mikono tayari, bila kumgusa. Vijana walichungulia mlangoni wakipiga miluzi.

"Unafanya nini nyuma ya bibi yangu?"

"Ninachunga chuma isimuangukie," Vénuste akajibu. "Kuja, Papa. Simama weye hapa."

Harelimana hakusimama. Mukabera alipotua chuma chini, yeye alikirukia ili waone mwanaume ni nani. Aliinama, akavuta. Mgongo ukalia ko! Vijana wakacheka.

"Kunja magoti, Papa," Mukabera akasema. "Mgongo ibakie sawa. Kaza tumbo."

Harelimana aliona haya. Vénuste akamkalisha kwenye benchi.

"Gunia ya maman iko na kilo ngapi?"

"Makumi tano."

"Hii chuma iko na kilo makumi mbili. Ile ya soko hukumukatazaka hata siku moja. Hii ya kumuponya ndiyo inakuuma?"

Vénuste akaeleza polepole. Vyuma haviotishi ndevu. Vinatia nguvu misuli na mifupa, ya mwanamke kama ya mwanaume. Ila mtu aanze na chuma chepesi, aongeze kidogo kidogo, na mwenye maumivu aonwe kwanza zahanati.

"Kile kinafukuza bamama hapa si uzito," alimaliza. "Ni macho ya banaume."

Harelimana alitazama chini. Macho yake ndiyo yalikuwa mabaya kuliko yote.

Wiki ile alitengeneza vyuma vifupi vya kuanzia, akatundika pazia mlangoni mwa klabu. Jumapili mchana ikawa saa ya wanawake. Mukabera alijifunza kuwachungia wenzake chuma, nao wakafika tisa. Gunia lake aliligawa, akalibeba kwa safari mbili. Baada ya miezi minne alipanda kilima bila maumivu.

Wivu wa Harelimana haukuisha. Ulihama tu.

"Leo umebeba kilo ngapi kule klabuni?" alimuuliza mkewe.

"Makumi ine."

Yeye, aliyekuwa ameanza mazoezi pia, alikuwa bado kwenye thelathini na tano.

Asubuhi ya soko Mukabera alitazama msumari. Ngata haipo. Alizunguka nyuma ya nyumba, akamkuta mumewe anahema, chuma mabegani, ngata imezungushwa shingoni.

"Kunja magoti, Papa," akamwambia. Akaenda kusimama nyuma yake.