Alikuwa Akienda, au Akirudi?

Hebu mwone mzee mmoja, msikilizaji wangu, akisukuma baiskeli kwenye njia ya mashambani, jua linatua nyuma ya milima ya Meinong. Upande huu tumbaku, upande ule mfereji. Nyuma ya baiskeli amefunga gunia kwa kamba, na ndani ya gunia mna karatasi tu. Hana haraka. Kila anayekutana naye anainamisha kichwa, naye anaitikia polepole, kama mtu aliyezoea heshima mpaka haioni tena.

Huyo ni Mzee Lo Shin-fat, mwalimu mstaafu na msomaji wa mchanga katika ukumbi wa mungu pale kijijini.

Jioni za ibada, sinia la mchanga huwekwa juu ya meza nyekundu. Yap, fundi wa baiskeli, hushika kijiti chenye panda na kufumba macho. Mungu akimshukia, kijiti huanza kuchora. Mzee Lo huitazama kila herufi na kuitamka kwa sauti, mwandishi huiandika, kisha Thian-moi, mama mmoja mwenye ulimi mwepesi, husawazisha mchanga kwa ubao ili herufi nyingine ipate nafasi.

Maneno hayo hukusanywa, hupigwa chapa yawe kitabu, na kitabu hugawiwa bure mahekaluni na kwenye vituo vya mabasi. Vilikuwa vitabu vizito. Vilieleza siri za mbingu na safari za roho baada ya kufa. Viliikemea dunia ya siku hizi: televisheni iliyowanyamazisha wazee, mashine zilizomfanya mtu aone haya kushika jembe, vijana wanaojua bei ya kila kitu na hawajui kaburi la babu yao. Watu walivisoma wakalia.

Ukumbi ulikuwa na kanuni moja tangu zamani. Msomaji asipoiona herufi vizuri, aseme, "Sijaiona." Kijiti kitaandika tena. Si aibu.

Mzee Lo alikuwa hajalitamka neno hilo kwa miaka mingi.

Jioni hiyo alikuwa akipeleka karatasi zilizoharibika wakati wa kupiga chapa. Kwao, karatasi yenye maandishi haitupwi jalalani pamoja na maganda ya viazi. Ina tanuri lake la matofali, nje ya kijiji, karibu na mto. Huko ndiko huchomwa, na majivu yake hupewa maji.

Alipofika penye nyumba ya Bi Kiuk, alitaka kupita bila kugeuka. Hakuweza.

Bi Kiuk alikuwa ameketi mlangoni, mwembamba kama mwiko, na bakuli la maji ya mchele mapajani. Thian-moi alikuwa amechuchumaa mbele yake na sahani ya tambi pana.

"Dada, hata paka wangu anakuzidi kula!" alisema Thian-moi. "Meza hizi mbili tu. Ukifa na njaa, watu watasema ni mapishi yangu yaliyokuua."

"Mpe paka."

"Paka ameshiba! Haya, huyu hapa Mwalimu. Mwalimu, mwambie wewe. Mimi ni msawazisha mchanga tu, nani atanisikiliza?"

Bi Kiuk aliinuka kwa shida, akamwinamia Mzee Lo mpaka paji la uso likakaribia magoti. "Mwalimu. Bado hajatolewa kule kwenye barafu?"

"Bado," alisema Mzee Lo. Akaikaza kamba ya gunia, ingawa haikulegea.

"Basi nitaendelea."

Aliyeulizwa habari zake ni Syong, mwanawe wa pekee. Asubuhi ya tufani ya mwaka uliopita, mama na mwana waligombana. Mwana alitaka kuacha tumbaku akafanye kazi kiwandani. Mama alimwambia maneno ambayo mzazi husema halafu huyatafuna maisha yake yote. Syong aliwasha pikipiki akaondoka. Mchana kutwa hakuna aliyemwona. Jioni mto ulifurika, na kesho yake walimkuta amekufa kwenye matete, chini ya kivuko.

Sasa, kivuko kile unakipita ukitoka kijijini, na unakipita ukirejea. Je, alijificha mahali siku nzima, kisha akaondoka kabisa? Au alikwisha kwenda mjini, hasira zikapoa, akawa anarudi kwa mama yake? Pikipiki iliyogeuzwa na maji haisemi ilikuwa imeelekea wapi.

Bi Kiuk alikwenda ukumbini na ubani. Swali lake lilikuwa hilo tu. Alikuwa akienda, au akirudi?

Kijiti kilichora. Mzee Lo aliinama. Aliona mistari iliyosongamana, kama mahali kuku alipoparua. Hakuna herufi pale. Lakini ukumbi mzima ulikuwa umemkodolea macho, na sauti yake, ile sauti nzuri iliyofundisha watoto wa kijiji kizima, ikatoka yenyewe.

"Nilikuwa nakwenda."

Na baada ya hapo, ulimi ukateleza. "Nilimwacha mama kwa ajili ya dunia ya mashine. Sasa nimo katika ziwa la barafu, na barafu inanifika kifuani. Vijana, nitazameni." Hicho ndicho kilichokuwa kipande kizuri kuliko vyote kitabuni. Nakala ziliisha, ikabidi kitabu kipigwe chapa tena. Naye Bi Kiuk akala kiapo cha kumwombea mwanawe msamaha: hatakula chochote ila maji ya mchele, mpaka ukumbi umwambie mwanawe ametoka kwenye barafu.

Alikuwa anakufa, msikilizaji wangu. Polepole, kwa adabu, bila kumsumbua mtu.

Mzee Lo alifika kwenye tanuri wakati mwanga ungali mwekundu. Akawasha moto. Akatia karatasi moja moja, kama inavyopasa. Zilijikunja, zikawa nyeusi, zikaenda zake.

Ila moja.

Aliitia motoni, ukingo wake ukafuka moshi, moto ukazima. Akaiwasha tena. Ikazima tena. Alipoisogeza kwenye mwanga aone ina nini, alikuta ni ukurasa wa ziwa la barafu.

Ndipo alipoisikia harufu. Tope la mto. Tope la chini, lile lisiloonja jua.

Halafu ndala. Ndala zilizolowa, njiani, nyuma yake.

Chwa... chwa... chwa...

Zikasimama.

"Mwalimu."

Ilikuwa sauti ya kijana, ya chini, kama ya mtu aliyepigiwa simu usiku akaogopa kuwaamsha wengine. Mzee Lo aligeuka nusu. Aliona helmeti ya pikipiki, kioo chake kimeshushwa, na shati lililoganda mwilini.

"Nani?"

"Mpita njia tu. Hiyo unayoichoma... ni kile kitabu?"

"Ni karatasi mbovu."

"Kabla hujaichoma, nisomee."

Mwalimu hawezi kumkatalia mtu anayeomba kusomewa. Mzee Lo aliinua karatasi, akasoma. Sauti ilianza imara. Mstari wa pili ikapungua. Nyuma yake maji yalidondoka juu ya majivu.

To... to... to...

"Nilimwacha mama..."

"Endelea."

Akaendelea. Akasoma ziwa, akasoma barafu, akasoma vijana nitazameni. Alikuwa hajawahi kusikia maneno mabaya kama yale, na yalikuwa yake.

"Ni nani anayesema humo?" aliuliza kijana.

"Mtoto wa Bi Kiuk."

"Alisema lini?"

Mzee Lo aliweka mkono kwenye tanuri. Matofali ya tanuri yalikuwa yamepoa kabisa.

"Nauliza kama mwanafunzi, Mwalimu. Alisema lini?"

"Hakusema." Ulikuwa mnong'ono tu. "Hakusema."

Kisha yule kijana akauliza jambo moja zaidi, bila hasira.

"Basi mama ananiombea msamaha wa nini?"

Mzee Lo alipopata nguvu za kugeuka sawasawa, njia ilikuwa tupu. Karatasi mkononi mwake ilikuwa imelowa chapachapa, na wino haukuchuja hata kidogo.

Baadaye Yap alisema alimwona kijana wa kijiji cha jirani akiosha pikipiki mferejini jioni ile, na helmeti kichwani kwa uvivu wa kuivua. Huenda. Mzee Lo alimsikiliza, akashukuru, wala hakwenda kumtafuta huyo kijana. Aliogopa kumpata, akaogopa pia kutompata.

Ibada iliyofuata, ukumbi ulijaa. Bi Kiuk alikuja akiegemea bega la Thian-moi. Yap alikuwa bado hajashika kijiti, Mzee Lo akaenda kusimama mbele ya meza.

"Kabla hatujaanza," alisema. "Siku ile Bi Kiuk alipouliza, sikuona herufi. Niliona mikwaruzo. Nilitunga. Yote nimeyatunga mimi."

"Ndugu Lo, umechoka," alisema mkuu wa ukumbi haraka haraka. "Mleteeni chai."

"Sijachoka. Nilisema uongo."

Watoto aliowafundisha kusoma walikuwa wamesimama pale, wengine na mvi zao. Waliangalia chini, wakiona haya kwa niaba yake. Hiyo ilimchoma kuliko kama wangemzomea.

"Ala!" alisema Thian-moi. "Mtu anakufa njaa kwa insha yako?"

Lakini Bi Kiuk alitikisa kichwa. "Kitabu kimepigwa chapa, Mwalimu. Kiko madhabahuni. Wewe ni nani wa kukisahihisha?"

"Mimi ndiye niliyekitunga kipande hicho, dada yangu."

"Unasema hivyo ili nile."

Mzee Lo alikitazama kitabu madhabahuni. Uongo wake ulikuwa umekua, umevaa jalada, umemzidi kimo. Angewezaje sasa kuushusha?

Ndipo kijiti kilipogonga meza.

Hakuna aliyekuwa amesoma dua. Yap alikuwa amekishika ili akipanguse tu. Macho yake yalijifumba, shingo ikalegea, mkono ukaburutwa kuelekea kwenye sinia. Harufu ya tope ikapita katikati ya ubani. Thian-moi aliziba pua.

Kraa... kraa... kraa...

Mzee Lo aliinama. Na akaziona. Herufi safi, za mtoto wa shule, mistari yake imenyooka.

"Nilikuwa narudi," alisoma.

Na Thian-moi, kwa mazoea ya miaka yote, akapitisha ubao. Mchanga ukawa bapa.

Yap alifumbua macho, akauliza kwa nini watu wote wanamtazama.

Bi Kiuk alimsogelea Mzee Lo mpaka akamshika mkono wa shati. "Ndivyo kilivyoandika? Au umenionea huruma?"

"Thian-moi..." alisema Mzee Lo.

"Mimi, Mwalimu? Mkono wangu hutangulia macho. Sikuona kitu." Safari hii hakutania.

Mwandishi aliinua kalamu. Yeye huandika anachosikia tu. Yap alikuwa amefumba macho. Katika ukumbi mzima, shahidi alikuwa mmoja, na huyo ndiye aliyetoka kukiri sasa hivi kwamba ni mwongo.

"Mwalimu. Nijibu."

Alitaka kuapa. Alizitafuta zile herufi kichwani, akaziona tena, zimenyooka. Lakini je, aliziona, au alizitamani? Jicho lililozoea kuona linachopenda, utaliamini siku gani?

"Niliiona," alisema mwishowe. Machozi yalimfika kidevuni. "Lakini nilitaka mno kuiona, dada yangu. Siwezi kukuapia."

Bi Kiuk aliachia shati lake, akageuka.

"Thian-moi, zile tambi zako zipo?"

"Zipo! Zimepoa, lakini zipo."

"Zipashe moto." Alijifunga kitambaa chake vizuri kichwani. "Mwalimu, sijakuamini. Sitakuamini tena. Ila kama kweli anarudi, anikute ningali hai."

Wakatoka. Mzee Lo alibaki ameshika ukingo wa meza. Tangu siku hiyo hakusoma tena mchanga. Akisalimiwa njiani, huangalia chini, akatafuta kitu cha kurekebisha kwenye baiskeli. Na Bi Kiuk akawa anakula kila jioni, mlango wazi, ameelekea kivukoni. Majirani wanasema wakati mwingine humsikia akizungumza, anauliza, ananyamaza kidogo, anacheka. Hakuna aliyethubutu kuingia amwulize anazungumza na nani.

Nami, msikilizaji wangu mpendwa, nakuomba ukumbuke jambo hili moja, hata mengine ukiyasahau. Aliyekufa hawezi kukukatalia. Kwa hiyo, tafadhali, usimsemee.