Jibu Kutoka Mnarani

Sauti ilijibu kabla hajauliza.

Mhandisi alikuwa amesimama mbele ya swichi kuu ya mtambo wa kurushia matangazo, redio ya mkononi karibu na mdomo, hajabonyeza kitu. "Nimeshuka, dada. Washa." Ilikuwa sauti ya mdogo wake, fundi wa minara, pamoja na mkwaruzo wake wa kooni. Akapeleka mkono kwenye swichi, kisha roho ikasita. Chumba kilinuka udi, na hakuna mwenye akili timamu anayefukiza udi kwenye chumba cha mitambo. Akachungulia nje. Mdogo wake alikuwa bado juu kabisa, anakaza nyaya huku akipiga mluzi.

Mnara ule wenyewe ndio uliobeba umeme wa matangazo. Angewasha, angemkaanga ndugu yake.

Aliposhuka, dada mtu alimfokea mpaka koo likamkauka, maana jamaa alikuwa bingwa wa kuiga sauti za watu, na masihara yake hayakuwa na breki. Mdogo mtu akaapa hata redio yake hakuigusa. Akamwambia dada apunguze kazi, ameanza kuota mchana. Wakarudi nyumbani, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho.

Utaratibu wa kuulizana na kujibizana kabla ya kuwasha ulitungwa na chama cha wahandisi wa utangazaji, na kila mwanachama aliuapia. Tukio kama lile halikuwa la kufichwa; mhandisi akaliripoti. Chama kikamtuma katibu wake, mzee mpole mwenye kumung'unya peremende, ambaye alimhoji mhandisi kama polisi: analala vizuri? Ana ugomvi na mdogo wake? Mhandisi naye akaanza kumshuku. Mzee hakuuliza hata mara moja kama redio ni mbovu. Na alipotajiwa udi, aliinuka akafunga mlango.

"Wewe si wa kwanza," katibu akanong'ona. "Wenzetu waliofia minarani, tulitangaza kwamba ni uzembe wa waliokuwa chini. Haukuwa uzembe."

"Kumbe mlijua?"

"Tungesema nini, mwanangu? Wahandisi wazima tutangaze jini? Nani angetuamini tena?" Akajifuta uso. "Limekaa kwenye mawimbi yetu miaka, limejifunza utaratibu wetu. Sasa tumeubadilisha. Usiamini sauti. Usiwashe mpaka aliyepanda aje akushike mkono."

Mhandisi alimchukia mzee yule palepale, kwa ajili ya wale waliosingiziwa. Lakini utaratibu aliufuata, kwa kuwa ndugu alikuwa na huyo mmoja tu.

Siku mdogo wake alipopanda tena, ukungu ulishuka ukaumeza mnara wote. Mhandisi alingoja, moyo juu juu. Akasikia nyayo kwenye kokoto, polepole, kisha mlango ukafunguka na mdogo wake akaingia akitabasamu, akanyoosha mkono. Ulikuwa mkono wa moto, wa mtu kabisa. Mhandisi akashusha pumzi, akaushika kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akashika swichi.

Redio ikakwaruza mezani. "Dada, usiwashe. Bado niko juu."

"Usilisikilize," akasema aliyemshika mkono. "Ndilo hilo. Washa."

Akamtazama usoni, akaitazama redio, akamtazama tena, akitafuta kasoro yoyote kwenye uso ule aliouosha na kuulisha tangu ungali mdogo, asione hata moja, mpaka macho yake yakashuka kwenye kiganja kilicholala ndani ya chake, kiganja cha mtu aliyesema ametoka kushuka mnara wenye kutu toka chini hadi juu, akakiona ni safi, safi kama ambacho hakijawahi kushika kitu.

Akataka kuiachia swichi. Mkono wa pili wa yule kiumbe ukalala taratibu juu ya vidole vyake, ukaanza kusukuma.

"Dada?" redio ikauliza, kwa sauti isiyo na wasiwasi. "Umenisikia?"