Doa Jeupe Kichwani mwa Muuza Nyama

Mke wa muuza nyama ndiye aliyevitupa vidonge, na Mungu amsamehe, hakuvitupa kwa ubaya. Mama mkwe wake alikuwa amerudi kutoka kwa mganga na maneno mazito.

"Vidonge vya kifafa vinamlevya jini," alinong'ona, ingawa walikuwa wawili tu jikoni. "Akilewa hasemi. Asiposema hatoki. Au unataka mwanangu ameze vidonge mpaka kaburini?"

Muuza nyama mwenyewe hakutaka hata kuisikia habari hiyo. Vidonge vilikuwa vimemsimamisha miaka mingi bila kuanguka. Basi mke akavimwaga chooni, akajaza kichupa vidonge vya kuongeza damu vilivyofanana navyo, akafunga kifuniko na mdomo wake.

Kilichoanza kilikuwa kidogo. Mume alikaa kunywa chai, akaikoroga, akaendelea kuikoroga mpaka ikapoa.

"Baba, utakitoboa kikombe," mke alimtania.

Hakucheka. Alimtazama mtoto wao aliyekuwa akitambaa mkekani, akauliza kwa sauti iliyokwaruza kama msumeno juu ya mfupa, "Huyu ni wa nani?"

"Wa jirani," mke akacheka, akidhani ni mzaha.

"Basi hana mwenyewe," akasema, akainuka kwenda kazini.

Bucha lilikuwa mlango wa pili kutoka hapo. Mke alikuwa kwenye cherehani barazani aliponusa harufu ya nywele zinazoungua, na hapakuwa na moto popote. Akamsikia kinyozi wa mtaani akianza vituko vyake.

"Mzee wa Mbavu! Leo nipe steki. Juzi uliniuzia mifupa ukainyunyizia nyama!"

Watu wakaangua kicheko. Shoka likagonga gogo, likagonga tena, likazidi kugonga hata pale pasipo na nyama, na kicheko kikakatika kwa ukelele. Mke alipofika, vidole viwili vya kinyozi vilikuwa mezani pamoja na maini, na mumewe alikuwa akiramba mpini wa shoka, akitabasamu. Kisha macho yakageuka meupe, akaanguka chali, akatetemeka huku povu jekundu likimtoka mdomoni.

Hospitali walimfunga kitandani mikono na miguu. Walimchoma sindano ya usingizi, wakamwingiza kwenye mashine ya MRI ya kupiga picha za ubongo, nayo ikaanza kugonga kama fundi anayenyoosha bati. Mpiga picha akatoka jasho likimtiririka.

"Mama, mgonjwa wako tumemlaza kabisa," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa nani anayejibu mle ndani kila mashine ikigonga?"

Daktari aliwaonyesha mke na mama mkwe picha. Katikati ya ubongo, kwenye daraja linalounganisha upande wa kulia na wa kushoto, palikuwa na doa jeupe la mviringo kama yai.

"Msiogope doa lenyewe," alisema. "Madoa ya namna hii mara nyingi hupita yakafutika, na ubongo ukabaki salama. Ila halikuja bure. Huletwa na maambukizi, au sukari kushuka sana, au dawa ya kifafa kukatwa ghafla. Nikijua kilicholileta, nitajua la kumtibu. Mama, dawa zake anakunywa?"

Mama mkwe akakohoa.

"Anakunywa," mke akasema. Alilisema hilo akimtazama daktari machoni.

Saa ya kuona wagonjwa mganga akaja, akajiita mjomba. Walivuta pazia. Alipoanza tu kusoma dua zake, harufu ya nywele zinazoungua ikajaa wodini, na muuza nyama akafumbua macho, akakata kamba ya mkono mmoja kama anayekata uzi, akamkamata nesi aliyekuja mbio na kumng'ata bega mpaka meno yakagongana, akakata na kamba ya pili, kisha ile mikono miwili iliyozoea kuvunja mbavu za ng'ombe ikarudi kwenye shingo yake mwenyewe, ikaanza kukaba, na mke akaona uso wa mumewe ukigeuka rangi ya zambarau huku ile sauti ya msumeno ikitoka kwenye koo lililokabwa, koo lisilopitisha hata pumzi, ikiuliza polepole, "Nikitoka, niingie wapi? Kwa yule mdogo?"

"Asijibu mtu!" mganga akafoka. "Nasema asijibu mtu!"

Lakini mfupa wa koo ulikuwa umeanza kulia kama unaotaka kuvunjika.

"Niingie mimi!" mke akapiga yowe. "Mwache! Mwache na mtoto!"

Mikono ikalegea. Mganga alikusanya vitu vyake bila kumtazama mke, akaondoka hata nauli hakudai.

Siku hiyohiyo mke alimfuata daktari, akalia, akasema yote ya vidonge. Daktari alimkemea kidogo, akairudisha dawa. Muuza nyama akaacha kuweweseka, akamtambua mama yake, akamwulizia kinyozi, na alipoelezwa akageukia ukutani akalia kama mtoto. Baada ya wiki chache wakampiga picha nyingine. Daraja lilikuwa safi.

"Limekwenda," daktari akasema kwa furaha.

"Limekwenda wapi, daktari?"

Daktari akacheka. "Mama, halina pa kwenda. Limefutika."

Mama mkwe alimshukuru Mungu kwa sauti mpaka kwenye ngazi. Mke alishukuru pia, na alikuwa anamaanisha. Mumewe amepona, mtoto yu mzima. Alitaka nini zaidi?

Jumamosi mchana alikuwa uani akimwogesha mtoto kwenye beseni. Mume ndani alikuwa akipiga mluzi. Mke alishtuka mluzi ulipokatika, akamwona mumewe amesimama mlangoni, mdomo wazi, akitazama chini. Naye akatazama. Mkono wake mwenyewe wa kulia ulikuwa umekikandamiza kichwa cha mtoto majini, nywele zikielea katikati ya vidole, na mapovu yalikuwa yanapungua. Hakuuhisi ule mkono, kama si wake. Ilimbidi aung'oe kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja, na kidole cha mwisho akakivunja.

Mume akamnyakua mtoto, akampiga mgongoni, akampiga tena. Mtoto akatapika maji, akalia.

"Mama mtoto," mume alinong'ona, "umefanya nini?"

Mkono wa kulia ulikuwa tayari unatambaa tena ukingoni mwa beseni, pamoja na kile kidole kilichovunjika. Mke akaukalia.

"Mpeleke mtoto kwa mama yako," alisema. "Ila kabla hujaondoka, mume wangu, nakuomba, nifunge."