Kivuli Chenye Vichwa Viwili

"Jua liwe mgongoni kwako, Devo. Halafu angalia kivuli chako kisimfikie ndege, ataruka."

Rodrick alimwambia Devotha hayo juu ya mwamba kule Suji, mikono yake juu ya mikono ya binti, kamera katikati. Chini yao tambarare ya Same ilikuwa nyeupe kwa jua. Mgeni huyo alikuja kupiga picha za ndege wiki mbili tu, akaondoka na moyo wa mtoto wa watu. Alikuwa ameahidi kurudi kujitambulisha kwa wazazi kabla tangawizi haijavunwa.

Tangawizi ikavunwa. Ikauzwa.

Kila mchana Devotha akawa anapanda mwambani, maana ndipo mtandao unaposhika, jua linamchoma utosi. Vijana wawili wenye nia ya kuoa walishaulizia, akawakataa.

"Siku hizi umekuwa maharage, kila mchana unajianika?" mama yake, Koleta, alimuuliza.

Devotha akachukua simu yake, akapanda. Rodrick alishamweleza kwamba kazi imembana, yuko porini peke yake, hata wa kumshikia chupa ya maji hana. Devotha alikuwa anamwonea huruma.

Siku hiyo ujumbe ukaingia.

"Nimekumiss, ndege wangu. Ona kanga huyu, nimempiga picha leo asubuhi."

Akaibusu ile picha kwanza. Kisha akaikuza, aone madoadoa ya kanga. Pale mchangani, mbele ya miguu ya kanga, kivuli cha mpiga picha kilikuwa kimelala kirefu. Kilikuwa na vichwa viwili. Kimoja kina kilemba, kimeegemea bega la mwenzake.

Akapiga simu.

"Uko na nani, Rodrick?"

"Peke yangu, mpenzi. Mimi na kanga."

"Na mwenye kilemba?"

"Kilemba gani tena?"

"Ulinifundisha mwenyewe niangalie kivuli."

Ikasikika sauti ya mwanamke, kwa mbali, haina hata haraka:

"Baba Elinaza, chai inapoa. Nani huyo?"

Simu ikakatwa.

Devotha akashuka, akamkuta mama yake anachambua mboga. "Mama, kumbe ana mke na mtoto," akasema. Koleta alikuwa na maneno mengi ya kusema. Akasogea tu kwenye mkeka, akampa nafasi.

Mabinti, mtu akikuonyesha ndege mzuri, wewe tazama kwanza chini, kivuli chake kimelala na nani. Moyo ukishatoka haurudi kwa kuitwa. Kesho yake saa sita Devotha alikuwa analima, na simu ameizima kabisa. Jua lilipomfika utosini, shingo ikageuka yenyewe kuutazama mwamba.