Jicho Lililoamriwa Kulala

Saa tatu na robo asubuhi daktari alifungua stoo ya zahanati, akakuta mashine ya oksijeni ya akiba haipo. Saa nne mlinzi alikuwa amekalishwa ukutani, pingu mikononi, askari wakisubiri gari. Gari kuchelewa ndiyo bahati pekee aliyokuwa nayo.

Fundi aliyefunga kamera ya stoo akaitwa.

"Imeona nini?" daktari akauliza.

"Mlango, mpaka saa kumi na mbili na dakika arobaini. Kisha giza, dakika kumi na mbili."

"Funguo anazo huyu."

"Zinakaa msumarini, daktari, kila mtu anachukua!" mlinzi akalia. "Saa hizo nilikuwa getini nagombana na foleni."

"Basi tuifunge na foleni," askari akacheka.

Fundi akachomeka waya, akasoma kumbukumbu za kerneli, kile kiini cha mfumo. Mstari ulikuwa mmoja: umeme umekatika, draiva, programu inayoiendesha kamera, imeilaza. Amri hiyo aliiandika mwenyewe Jumanne, betri isiishe haraka.

Akavuka kwa mshona nguo wa jirani.

"Asubuhi umeme ulikatika?"

"Hata kidogo. Nimeshona kola nne."

Basi kuna mtu aliyezima swichi kuu ya zahanati. Lakini wote pale walijua kamera ina betri. Kuzima kungemfaa nini mwizi? Kungemfaa yule tu aliyejua kwamba ikiwa kwenye betri, inalala. Fundi alikuwa amemwambia mtu mmoja, kwa majivuno, wakila.

Dada yake, karani wa mapokezi, alikuwa ameomba ruhusa tangu saa moja.

Nyumbani alisikia mngurumo wa mashine kabla hajafika mlangoni. Baba alikuwa amelala, mpira wa hewa puani, midomo imerudiwa na rangi.

"Dada."

"Usiniite dada kwa sauti ya kiaskari."

"Mlinzi yuko kwenye pingu."

"Niliomba mara tatu! Daktari anasema kitanda hakuna, na ya akiba ni ya dharura. Baba ni pambo?"

"Ndiyo maana uliniuliza habari za kamera."

"Nawe ukajibu, mdogo wangu. Ulivyofurahi kuulizwa!"

Baba akafumbua macho; alikuwa amesikia yote. Akautoa mpira puani.

"Irudisheni. Mlinzi ni mtoto wa watu..." Pumzi ikamwishia.

Dada akaurudisha mpira. Baba akautoa tena.

Simu ya fundi ikaita. "Gari limefika," daktari akasema. "Una jina, huna?"

Dada akamnyang'anya simu.

"Ni mimi, daktari. Mfungueni mlinzi. Hilo gari lije huku, mashine mtaikuta. Ila mje haraka, mzee hana pumzi ya kungoja."

Akakaa chini, mikono mapajani, kama ambaye pingu zimeshafika. Fundi akaushika mpira, akauweka puani mwa baba. Baba akautoa.