Mstari wa Saba

Mabasi matatu ya Mombasa yalikuwa yamesimama Kambu kwa pamoja, na wauzaji walikuwa wakigombania madirisha. Wanawake walinyanyua masinia ya machungwa juu ya vichwa, makondakta waligonga mabati, na vumbi la malori lilitua juu ya kila kilichoiva. Pembeni, wanaume wawili walikuwa wakishusha mapapai kutoka kwenye lori. Mmoja alirusha kutoka juu, mwingine alidaka na kupanga chini. Yule wa chini akageuka kumjibu mtu aliyemwita, na wakati huo papai lilikuwa limekwisha toka mkononi mwa mwenzake.

Msichana aliyekuwa amesimama hatua nne kutoka hapo hakupiga kelele. Alivaa sketi ya michezo ya buluu, fulana nyeupe ya chuo cha ualimu, na kitambaa chekundu kichwani. Miguu yake ilianza kwenda kabla watu hawajainua macho. Alifika chini ya papai, akalipokea kwa vidole kumi mbele ya paji la uso, akalishusha taratibu kama anayemlaza mtoto.

Jonah Nzioka aliona yote kutoka kwenye ngazi ya basi, chupa ya soda mkononi. Wiki nzima alikuwa karani wa stoo katika kampuni ya mablanketi Nairobi. Mwisho wa wiki, kampuni ilimtuma vyuoni kutafuta wasichana wa timu yake ya voliboli. Mchezaji aliyechaguliwa alipata kazi kiwandani na kitanda hosteli. Huo ulikuwa mwaka wa 1987, na kwa miaka mitatu Nzioka alikuwa amekosa seta. Seta ndiye anayegusa mpira wa pili. Mpira wa kwanza uje vizuri au vibaya, yeye ndiye huamua nani apige wa tatu, na huamua akiwa mbioni.

Akashuka. "Dada, unacheza seta wapi?"

Msichana akamkagua kuanzia viatu hadi shati la maua. "Kwani nimekuambia nacheza?"

"Vidole vyako vimeniambia."

"Basi endelea kuongea navyo. Mimi naenda kula papai."

Wenzake ndani ya lori la chuo waliangua kicheko. Walikuwa wakirudi Kitui kutoka mechi ya kirafiki Voi, na mmoja wao, mwenye mdomo mwepesi, akamwambia Nzioka kila kitu bila kuulizwa: huyo anaitwa Nthenya Kiilu, na baada ya wiki mbili vyuo vyote vitashindana mjini Kitui.

Baada ya wiki mbili Nzioka alikuwa Kitui, ameketi kwenye benchi la mbao kando ya mistari ya chokaa, daftari kwenye goti. Pointi hakuziandika. Yeye alingoja mpira mbovu, kwa sababu pasi nzuri humfanya kila seta aonekane hodari.

Katika siku tatu za mashindano, maseta wawili ndio waliomkosesha raha. Wa kwanza alikuwa Hasina, kutoka chuo cha upande wa Mwingi, mrefu, mikono kimya, mpira ukimtoka hauzunguki hata kidogo. Lakini akibanwa alimpa rafiki yake yule yule, na wazuiaji wa upande wa pili walikuwa wakimngojea hapo. Nthenya alikuwa mfupi na hakuruka sana. Hata hivyo aliufuata mpira mbovu mpaka kwenye viatu vya watazamaji, na mpigaji wake alipokosa mara mbili, alimpa mpira wa tatu, tena rahisi kuliko ile miwili. Nzioka akaandika: huyu anawajua watu wake. Akapiga mstari chini ya maneno hayo.

Mapenzi yao yalianzia kwenye chai aliyomnunulia baada ya mechi ya mwisho, yakaendelea kwenye simu. Nzioka alipiga simu ofisi ya chuo kila Jumatano saa kumi, na karani wa ofisi, Bi Mishi, mwanamke wa familia za Waswahili wa Kitui mjini, alimwita Nthenya kwa sauti iliyosikika hadi jikoni. Kisha alijifanya anapanga faili.

"Unakula nini huko?" Nzioka aliuliza siku moja.

"Maharagwe. Wewe?"

"Mawazo."

"Kula chakula, bwana. Mawazo hayana chumvi."

Bi Mishi alikohoa ili asicheke.

Mwezi wa tano walikutana kwenye hoteli ndogo karibu na soko la Kitui. Nthenya alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, lenye kola ya lesi. Hakuigusa chai yake.

"Kabla hujaandika lolote kunihusu, na kabla hujanizoea zaidi, nina mtoto. Anaitwa Mumbua. Yuko kwa mwaitu, mama yangu, huko Matinyani. Ana miaka mitatu."

Baba yake mtoto alikuwa mpima barabara. Barabara ilipoisha, akaisha naye. Nthenya alisema hayo bila kuinamisha uso. Nzioka alizungusha kikombe, halafu akauliza kama anaweza kumwona mtoto.

Jumapili iliyofuata alikuwa Matinyani. Alimbeba Mumbua mabegani hadi kwenye mchanga wa mto, akarudi naye amelala. Alikula sahani mbili za muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na mama yake Nthenya akasema tu kwamba kijana anakula vizuri. Nthenya alilala usiku huo akijiona mwepesi.

Barua ya kampuni ilifika mwezi wa saba. Nthenya alikuwa miongoni mwa wanane waliochaguliwa kwa jaribio la mwisho mjini Kitui, na kocha Mulei mwenyewe angekuja kuchagua mmoja. Ndani ya bahasha kulikuwa na fomu ya mtafuta wachezaji, ambayo mchezaji alitakiwa kutia sahihi kuthibitisha kwamba yote ni kweli. Nthenya alisoma sifa zake akitabasamu. Akafika mstari wa saba. Watoto: hana.

Uliandikwa kwa mkono wa Nzioka. Aliujua mwandiko huo, alikuwa na barua zake kumi na moja chini ya godoro.

Hakungoja Jumatano. Alimwomba Bi Mishi amtafutie Nairobi, akasimama ameshika simu kama anayeshika shingo ya kuku.

"Nzioka, umeandika sina mtoto."

Alimsikia akifunga mlango wa stoo. "Nthenya, nisikize. Hosteli haiwachukui wenye watoto. Ningeandika ukweli, wangeitupa fomu kabla hawajaona unavyocheza. Nilitaka uingie kwanza, halafu polepole tuseme."

"Tuseme nini polepole? Kwamba nimezaa mtoto wa miaka mitatu mwezi uliopita?"

"Nilifanya kwa ajili yako, mpenzi."

"Usiniite hivyo. Ulikula kwa mama yangu. Ulimbeba mtoto wangu mpaka akalala. Halafu ukakaa kwenye meza, ukachukua kalamu ukamfuta, na ukaona umenisaidia. Nilikuambia uniombee nafasi kwa kumkana mtoto?"

"Ni neno moja tu."

"Ndiyo maana lilikuwa rahisi kwako."

Nzioka akasema kile ambacho hangeweza kukirudisha. "Tia sahihi tu, tafadhali. Jina langu liko pale. Ukikataa, mimi nitaulizwa."

"Aa," Nthenya akasema. "Sasa tumefika." Akaweka simu chini.

Bi Mishi alimsogezea kikombe cha chai ya tangawizi.

Siku tatu Nthenya alitembea na hasira kama mtu aliyebeba maji ya moto. Aliwakasirikia Nzioka na kampuni, akajikasirikia mwenyewe kwa sababu kulikuwa na saa moja, moja tu, aliposhika kalamu juu ya ile fomu na kufikiria mshahara, na viatu ambavyo Mumbua hakuwa navyo. Mama yake alipoisikia habari hiyo aliuliza swali moja: mtoto akikua, nani atamsomea karatasi hiyo? Nthenya akairudisha kalamu mezani.

Siku ya jaribio alifika uwanjani na mama yake na Mumbua, mtoto amevaa gauni la njano lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Kocha Mulei alikuwa mtu mzima mwenye kofia ya turubai na sauti ndogo. Nzioka alisimama nyuma yake, hajanyoa ndevu. Nthenya akaenda moja kwa moja, akampa kocha fomu isiyo na sahihi.

"Kocha, mstari wa saba si kweli. Mtoto wangu ndiye yule pale, kwa susu yake, mama yangu."

Mulei alisoma, akatazama gauni la njano, kisha akamgeukia Nzioka. "Wewe ulijua?"

Neno moja lingemtosha Nzioka. Akisema hakujua, Nthenya angekuwa ndiye aliyedanganya, na yeye angerudi Nairobi na kazi yake mkononi. Alimtazama Nthenya, na Nthenya hakumsaidia hata kwa kope.

"Nilijua, kocha. Nimekula kwao. Niliandika uongo mimi mwenyewe."

Mulei alimwambia arudi stoo na abaki huko, kutafuta wachezaji kumekwisha. Alisema hivyo bila kupandisha sauti, na ilikuwa mbaya zaidi.

Nthenya hakuwa amemaliza. "Nikuulize, kocha. Timu yenu ya wanaume ya mpira wa miguu ina wachezaji wenye watoto?"

"Wengi."

"Fomu yao ina mstari huu?"

Mulei alivuta kofia. "Fomu sikuitengeneza mimi."

"Lakini ndiwe umeibeba kutoka Nairobi."

Wasichana waliobaki walitazama chini. Hasina, naye akiwa mmoja wa wale wanane, peke yake ndiye aliyemtazama Nthenya usoni. Mulei alisema, kwa kuwa amefika, acheze.

Akacheza. Seta mwenye hasira kawaida huharibu mpira, kwa sababu vidole vikikaza mpira hukimbia. Nthenya aliiacha hasira yote miguuni. Alikimbilia mipira ambayo wengine waliiaga, akaifikia, na kila ilipotua kwenye vidole vyake ilitoka laini, mahali hasa mpigaji alipoihitaji. Upande wake uliushinda upande wa Hasina seti tatu mfululizo. Mwishoni Mulei alikuja, akamwambia kwamba hajaona seta kama yeye tangu aanze kazi hiyo, na kwamba ataongea na ofisi.

Ofisi ilijibu baada ya wiki moja. Nafasi alipewa Hasina.

Nthenya alilia siku moja, akafua, akarudi darasani. Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, baada ya kuhitimu, serikali ilimpeleka kufundisha Ikutha, na kwa mara ya kwanza alilala chumba kimoja na mwanawe kila siku. Alifunga kamba kati ya miti miwili ya shule, akaanza kuwafundisha wasichana wa darasa la saba kupokea mpira kwa vidole. Barua za Nzioka zilikuja nne. Alizisoma zote, hakujibu hata moja.

Siku moja ya mnada, katikati ya mbuzi na kelele za madalali, akamwona Nzioka. Alivaa shati jeupe la kawaida, na begi dogo begani. Mumbua, ambaye sasa alikuwa na miaka minne, alimtambua kwanza, akaenda kushika suruali yake. Nthenya hakumpa mkono.

Nzioka alisema hakuja kujitetea. Nthenya akamwambia hilo ni jema, kwa sababu hana nafasi ya kusikia.

"Ulimjibu kocha vizuri," akaendelea. "Lakini ulijibu baada ya mimi kusema. Kama ningetia sahihi, ungenyamaza mpaka leo."

Nzioka angeweza kukana. "Ndiyo," akasema. "Ningenyamaza."

Jibu hilo lilimchoma Nthenya, na papo hapo likampoza kidogo, jambo lililomkasirisha upya.

Mzee Ndolo, muuza mbuzi aliyesali naye kanisa moja, alikuwa akiwatazama kwa muda. "Mwalimu," akauliza, "huyu mgeni anayeshikwa suruali ni nani wako?"

Nthenya akavuta pumzi ili ajibu, lakini Nzioka alimtangulia.

"Naitwa Jonah Nzioka, mzee. Nimekuja kumwomba mwalimu anioe, yaani nimwoe, na niwe baba wa mtoto huyu. Nilimkana mara moja kwa maandishi. Bado sijajibiwa."

Muuza nyanya aliacha kupanga nyanya. Mtu akacheka hapo nyuma, akanyamazishwa.

"Ati unaniposa mbele ya mbuzi?" Nthenya akasema kwa sauti ya chini.

"Mbele ya watu, Nthenya. Mara ya kwanza nilikuwa peke yangu na kalamu."

"Bado nina hasira."

"Najua."

"Si ya kuisha leo."

"Nimechukua likizo ya wiki mbili."

"Hazitoshi."

"Nitaomba nyingine."

Kona ya mdomo wake ilitaka kumsaliti, akaikaza. Alimwambia Nzioka kwamba mama yake bado yuko Matinyani. Atakwenda kumweleza kwa kinywa chake mwenyewe alichomfanyia mjukuu wake, kabla hajafungua mdomo kuomba chochote. "Na akikufukuza," akasema, "usitegemee nitakukimbilia nyuma."

Nzioka akakubali. Mzee Ndolo alisema basi la Kitui linakaribia kujaa, na kama ni safari ya leo wafanye haraka.

Nthenya aliingia kwanza. Alikaa dirishani, akamweka Mumbua karibu yake, na nafasi ya tatu kwenye kiti akaiacha wazi. Akageuza uso, akawatazama mbuzi.

Nzioka akakaa.