Taa Yangu Ndani ya Jicho la Ernestina

— Hodi! Samahani, wewe ndiye fundi wa hii taa?

Mwanamke alisimama mlangoni kwetu Nambis, sweta la manesi mabegani, vumbi la basi mpaka kwenye nyusi. Alishika leso. Akaifungua, na ndani yake nikaiona taa yangu.

— Ndiyo mimi, nikasema nikiangalia chini. Shikamoo dada.

— Marahaba. Naitwa Ernestina, nesi, natoka Gitting. Hii taa ni ya mchumba wangu, imegoma kuwaka. Aliniambia aliyeitengeneza ni binti wa mzee Gidamis wa Nambis. Nimekuja kimyakimya, nataka nimshtukize ikiwa nzima.

— Mchumba wako ni nani?

— Clement. Si bwana shamba wenu wa hapa? Humjui?

Humjui! Maharage niliyokuwa napukuchua yakanimwagikia miguuni. Jumapili Clement alikuwa aje kwetu na wazee wake kunichumbia. Mama alishatengeneza pombe ya asali. Baba alishamwita jirani yetu mzee Yoakimu akae naye kupokea wageni.

Clement alikuja shambani kwetu mwaka jana kupiga picha wadudu wanaokula maharage. Kila akisogeza simu karibu, kivuli cha simu kinamfunika mdudu, picha inatoka nyeusi. Mimi shule niliachia darasa la tano, lakini tochi mbovu nazijua. Nikachomoa taa ndogondogo kwenye tochi zilizokufa, nikazipanga mduara kwenye mfuniko wa kopo la mafuta ya kujipaka, katikati nikatoboa tundu la kamera. Nyaya nilizichomea kwa risasi ya kuchomelea niliyoikwangua kwenye redio kuukuu, na msumari niliopasha moto kwenye mkaa. Kioo cha kukuza nilikitoa kwenye deki mbovu ya CD ya kaka. Taa nyeupe ziliniishia, nikamalizia na moja ya njano.

Picha ya kwanza Clement hakupiga mdudu. Alipiga jicho langu.

— Angalia kope zako, Fausta. Sijaona jicho kama hili tangu nizaliwe.

Hakuna mtu aliyewahi kuniangalia karibu kiasi kile. Nilimpa taa, na moyo ukaenda na taa.

— Vipi? Ernestina akauliza. Haitengenezeki?

— Inatengenezeka. Ni waya tu umeachia.

— Afadhali! Anaipenda hiyo taa kuliko mimi. Akacheka, akatoa simu. Hebu ona alivyonipiga.

Kwanza picha ya pete kidoleni, kubwa kama gurudumu. Kisha jicho.

— Hapa alisema hajaona jicho kama hili tangu azaliwe. Muongo huyo, lakini nilifurahi wiki nzima.

Katikati ya mboni yake kulikuwa na mduara wa nukta nyeupe. Moja ilikuwa ya njano.

Nikamfungulia meseji iliyoingia kwangu asubuhi, ambayo nilikuwa nimeificha kwa sababu sikujua nitamwambiaje baba. Nikampa simu.

"Mpenzi wangu, Jumapili nimepata semina Babati. Waambie wazee wavute subira mpaka baada ya mavuno. Nakupenda sana."

Ernestina akasoma. Akairudia.

— Hii namba ni ya Clement.

— Ndiyo dada.

— Jumapili hana semina yoyote! Jumapili tangazo letu la ndoa linasomwa kanisani. Akanikazia macho. Na wewe ulijua!

— Sikujua. Haki ya Mungu, dada, sikujua.

Akaniangalia, akaangalia na maharage yaliyomwagika miguuni pangu. Akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, akapiga simu, akaweka sauti kubwa.

— Haloo, Tina wangu!

— Uko wapi, mpenzi?

— Masieda huku, kwa wakulima. Jua kali, acha tu.

— Pole. Nilitaka kukuuliza, yule fundi wako wa taa ni nani kwako?

— Nani, Fausta? Kasichana tu ka kijijini. Kananitengenezea vitu bure.

— Bure? Si kanakupenda hako?

Akacheka. Kile kicheko nilikijua, ndicho alichokuwa ananichekea kwenye maharage.

— Kama kananipenda, hiyo shida yake. Darasa la tano huyo, Tina! Nitatembea naye wapi?

Tangu tuanze mapenzi nilikuwa sijawahi kumwita kwa jina lake. Nilimwita bwana shamba hata tukiwa wawili tu, yeye akiona raha.

— Clement, nikasema. Nakusikia.

— Fausta? Unafanya nini na... Tina, usikate! Tina, huyo binti ana...

Ernestina akakata. Hakulia. Alifunga vifungo vya sweta mpaka juu, kimoja kimoja.

— Leo leo napita kwa padri, akasema. Hilo tangazo halisomwi.

— Na taa, dada?

— Si yako? Kaa nayo.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Niliporudi, baba na mzee Yoakimu walikuwa uani wanapanga viti vya Jumapili. Kwetu binti haingilii wazee wakiongea. Nilisimama mbele yao.

— Shikamooni. Baba, Jumapili hakuna mgeni anayekuja.

— Nani amekutuma useme hivyo?

— Hakuna. Clement ana mchumba Gitting. Nimemsikia kwa masikio yangu akisema mimi si wa kutembea naye.

Mama akatoka jikoni, mwiko mkononi.

— Ee Mungu wangu! Na pombe yote hii?

— Pombe haina kosa, mzee Yoakimu akasema. Mimi nitakuja hata hivyo.

Baba hakucheka. Aliniangalia muda mrefu, kama mtu anayesikia sauti ya mtoto wake kwa mara ya kwanza. Simu yangu ikaita. Clement.

— Pokea, baba akasema.

Nikapokea.

— Fausta mpenzi, nisikilize, yule mwanamke ananilazimisha, wewe ndiye wa moyo wangu. Usimwambie mzee kitu, nakuomba...

— Shikamoo, bwana shamba, nikasema. Baba huyu hapa.

Nikampa simu.